Tansio haina dozi ya siku tatu

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kadutu aliingia kituoni kwetu akihema, kitenge kimefungwa ovyo, mkononi ameshika mashine ya kupimia tansio (shinikizo la damu) ambayo mwanawe alimnunulia Kamembe, Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi. "Dokta, ninakufa," akaniambia. (Mimi ni muuguzi. Lakini hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, na nimeshachoka kusahihisha.) Miaka yote alikuwa akiambiwa tansio yake ni 14 kwa 8. Asubuhi hiyo mashine ilimwandikia 138 kwa 82. Kutoka kumi na nne hadi mia moja thelathini na nane, kwa usiku mmoja!

Nilicheka, kisha nikamwomba radhi, maana kosa halikuwa lake. Sisi tuliosomea kazi hii kwa Kifaransa tunataja tansio kwa sentimita za zebaki: 12/8, 14/9, 18/11. Mashine zinazouzwa madukani zinahesabu kwa milimita. Sentimita moja ni milimita kumi, kwa hiyo 138 yake ni 13.8, na hiyo 13.8 ndiyo 14 yake ya siku zote. Hakuna kilichokuwa kimepanda. Ila zile mbio za kutoka nyumbani pamoja na hofu vilikuwa vimeshafanya kazi: nilipompima palepale alipoingia alikuwa na 16.5. Baada ya kukaa robo saa kwenye benchi bila kuongea, 14.

Tansio, ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita presha, ni nguvu ambayo damu inasukumia kuta za mishipa. Nambari ya juu ni pale moyo unapokamua, ya chini ni pale unapojilegeza ili ujae tena. Nambari hizo hazitulii. Zinapanda ukipandisha ngazi, ukigombana na mpangaji, ukibanwa na mkojo, hata ukiwa unasimulia habari huku unapimwa. Zinashuka usingizini. Ndiyo maana kipimo kimoja hakimfanyi mtu kuwa mgonjwa, isipokuwa kiwe cha juu mno. Tunachotafuta ili kusema mtu ana ugonjwa wa tansio ni nambari inayobaki 14/9 au zaidi, siku tofauti, mtu akiwa ametulia. Hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitumia kuanzisha dawa. Wamarekani tangu 2017 wanaanza kuita tansio kuanzia 13/8, na wagonjwa wanaosoma kwenye simu huja wakiniuliza kwa nini jirani yao aliyeko Texas ni mgonjwa na wao hapana, ilhali nambari ni zilezile. Ni suala la mahali mstari ulipochorwa. Hatari yenyewe haingojei mstari: kwa watu wa miaka 40 hadi 69, kila sentimita mbili zinazoongezeka kwenye nambari ya juu, kuanzia 11.5 hivi, huongeza mara mbili uwezekano wa kufa kwa kiharusi au ugonjwa wa moyo.

Ukipimwa, basi, dai haki zako. Kaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu yote chini, usiikunje. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya mkono wa sweta. Kama una mkono mnene na mkanda ni mwembamba, nambari itadanganya kwa kupanda, wakati mwingine kwa sentimita nzima na zaidi. Kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa. Wapime mara mbili. Najua foleni zetu za Jumatatu, na najua muuguzi aliyechoka hukufunga mkanda kabla hujavuta pumzi. Nimeshakuwa muuguzi huyo. Mwambie tu kwa upole: "Nimetoka kupanda mlima, niache nikae kidogo."

Akili ya malaria

Kinachotuua hapa, kwa jinsi ninavyoona mimi, si ukosefu wa dawa peke yake. Ni kwamba ugonjwa wa kwanza kutufundisha maana ya kuugua ni malaria. Homa inakuja, unatetemeka, unameza dawa siku tatu, homa inaondoka, umepona. Kila mtoto wa Kivu amekua na hesabu hiyo, na kwa malaria ni hesabu sahihi. Kisha mtu anafika miaka 45, anaambiwa ana tansio, anapewa vidonge vya mwezi mmoja, nambari zinashuka. Anarudi baada ya miezi minane amepooza upande mmoja, na mtoto wake ananiambia kwa mshangao wa kweli: "Lakini ile tansio ilishaisha. Alimaliza dawa."

Alimaliza dawa. Ukilisikia neno hilo mara moja, utalisikia kila wiki.

Tansio kwa watu wengi haiponi, inashikiliwa. Nyumba za mjini kwetu zimejengwa kwenye miteremko, na kila mwenye nyumba anajua mfereji wa nyuma: usipouzibua kabla ya mvua za Septemba, udongo unaanza kuliwa chini ya msingi, na ukuta unasimama vizuri tu mpaka siku unapolala. Mtu akisema "mwaka jana nilizibua mfereji, sasa nyumba imepona," tungemcheka.

Ndani ya mwili mambo yanakwenda hivi. Watu hupenda kulinganisha mishipa na mabomba ya maji, nami sioni mfano huo ukitufikisha mbali, kwa sababu bomba ni kitu kisicho na uhai, wakati mshipa una msuli wake na unajibu. Ukisukumwa kwa nguvu kila siku, ukuta wake unanenepa ili uhimili. Ukinenepa, njia inakuwa nyembamba na ngumu, na njia nyembamba inaongeza tansio. Moyo nao, kwa kuwa unasukuma dhidi ya mlango mzito, unaota misuli kama mpakuzi wa bandarini, mpaka misuli hiyo inakuwa mizito na kushindwa kujaa damu vizuri. Figo, ambazo kazi yake ni kupitisha damu kwenye vichujio vidogo sana, zinachakaa. Na figo iliyochakaa inazuia chumvi na maji mwilini, tansio inapanda tena. Mduara unajizungusha wenyewe. Katika haya yote hakuna neva inayolia. Hakuna maumivu.

Hapo ndipo penye utata mkubwa kwa wagonjwa wetu. Wanasema wanaijua tansio yao: shingo inakaza, kichwa kinagonga, macho yanaona nyota. Wanameza kidonge siku hiyo tu. Nimewapima wengi wakiwa na shingo iliyokaza nikakuta 12/8, na nimewapima waliokuja kumsindikiza mgonjwa, wanacheka, nikakuta 20/12. Shirika la Afya Duniani lilikadiria, kwa takwimu za 2019, watu wazima bilioni 1.28 wa miaka 30 hadi 79 wenye tansio, na karibu nusu yao hawakujua. Kujisikia vizuri si kipimo.

Hata wakubwa wa dunia iliwapata. Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, alipimwa Machi 1944 akiwa na 186/108. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Aprili 1945, alipata damu kuvuja ubongoni; tansio yake siku hiyo ilikuwa 300/190. Madaktari wake hawakuwa na la kumpa: dawa za mkojo (zinazotoa chumvi na maji mwilini) za aina tunayotumia leo zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950. Kidonge ambacho kingemsaidia kinauzwa sasa katika duka la dawa la Nyawera kwa pesa ndogo kuliko chupa ya bia.

Chumvi inapojificha

Ushauri wa "punguza chumvi" huwa hauna maana kama hatusemi chumvi iko wapi. Kiwango kinachopendekezwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Mama wa nyumbani akisikia hivyo anaangalia kopo la chumvi jikoni na kusema yeye hutia kidogo tu. Ni kweli. Lakini tazama sufuria yenyewe: sombe (kisamvu) limewekewa vidonge viwili vya Maggi au vya jina jingine, na karibu nusu ya uzito wa kidonge hicho ni chumvi. Kando kuna makayabu, samaki ambaye chumvi ndiyo iliyomhifadhi; hata ukimloweka usiku kucha na kubadilisha maji mara mbili, bado anakuja mezani na deni. Sambaza wabichi wa ziwani hawana shida hiyo, shida ni wale waliotiwa chumvi kabla ya kukaangwa, halafu mtu anawaongezea pilipili ya chumvi juu.

Sisemi makayabu yafutwe. Mtu wa Bukavu bila makayabu kwenye sherehe ni mtu wa kuhurumiwa. Nasema yawe ya sherehe kweli. Siku za kawaida, kitunguu, nyanya, tangawizi na ndimu zinaweza kubeba mchuzi, na ulimi huzoea baada ya wiki chache. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu, na mume ndiye atakayelalamika. Pikeni sufuria moja. Nimeona familia zinampikia mgonjwa chungu chake kisicho na chumvi, kama mtu aliyetengwa, na baada ya siku kumi anakula cha wengine kwa siri.

Jambo la kufurahisha ni kwamba upande wa pili wa sahani yetu uko sawa. Maharage, lengalenga, ndizi, viazi, avoka: vyote vina potasiamu, madini yanayosaidia figo kutoa chumvi. Mwaka 1997 Wamarekani walichapisha utafiti wa mlo uitwao DASH, mboga na matunda mengi, maziwa yaliyopunguzwa mafuta, na mafuta kidogo. Kwa wenye tansio ulishusha nambari ya juu kwa milimita 11 hivi. Mwenye figo mbovu tu ndiye aulize kwanza, maana potasiamu inaweza kulundikana mwilini mwake.

Pombe nitaipitia haraka kwa kuwa kila mtu anajua anachokunywa: chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 si "moja", ina pombe ya karibu glasi tatu za kipimo cha kitaalamu. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, haina lebo, hivyo hesabu yake mwachie Mungu. Sigara haishikilii tansio juu mchana kutwa, lakini inaharibu mishipa ileile, na sigara pamoja na tansio ni kama kuchoma nyumba uliyokwisha kuidhoofisha.

"Mimi napanda mlima kila siku"

Nikitaja mazoezi, mgonjwa hunionyesha kwa kidole mlima wa Kadutu. Mazoezi gani tena, katika mji ambao hata kwenda chooni ni mteremko? Nakubaliana naye nusu. Kupanda kwa mwendo wa kuhema kidogo, unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba, ndiyo mazoezi yenyewe yanayotakiwa: dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki. Yakishika, hushusha nambari ya juu kwa milimita 5 hadi 8, jambo lisilo mbali na kazi ya kidonge kimoja. Mishipa inapopitisha damu nyingi wakati wa kutembea hujifunza kulegea, na unabaki na ulegevu huo saa kadhaa baadaye. Ndiyo sababu kutembea mara moja kwa wiki kwa saa tatu hakulingani na kutembea kidogo kila siku.

Nusu nyingine ni hii: nikiuliza vizuri, mlima huo hupandwa kwa moto, yaani pikipiki. Mtu anashuka kwa miguu hadi sokoni, anapanda kwa pikipiki. Na wale wanaopanda kweli, mama zetu wabeba mizigo, wanabeba gunia kwa kamba ya kichwani huku wamebana pumzi. Kubana pumzi chini ya mzigo mzito hupandisha tansio ghafla. Hiyo ni kazi ya punda, siwezi kuiita mazoezi.

Kwa aliyepimwa 18/11, asianze kwa kukimbia. Dawa kwanza, halafu matembezi ya tambarare, kwa mfano ile njia ya Muhumba karibu na ziwa asubuhi kukiwa kumekucha. Maumivu ya kifua au kizunguzungu vikija, simama, na urudi kwetu.

Uzito ni mada ngumu. Kila kilo unayopunguza hushusha karibu milimita moja. Lakini mwambie mama wa hapa apungue, watu mtaani watauliza kama anaumwa, au kama bwana hatoi tena pesa ya posho. Siku hizi nasema "tupunguze kiuno cha kitenge kwa pindo moja," na hapo angalau tunacheka pamoja.

Vidonge na tabia zao

Kila familia ya dawa ina tabia. Amlodipini hulegeza mishipa. Ni ya polepole, inafika nguvu yake kamili baada ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo usiihukumu siku ya tatu. Kwa wengine huvimbisha vifundo vya miguu, na hapo mgonjwa huamini figo zimekufa na kuacha kila kitu. Njoo, tubadilishe au tupunguze dozi. Hidroklorotiazidi hutoa chumvi kwa mkojo. Imeze asubuhi, la sivyo utakesha njiani kwenda chooni gizani. Kaptoprili, enalaprili na lisinoprili huleta kwa baadhi ya watu kikohozi kikavu ambacho hakina uhusiano na kifua kikuu. Tumeshawapima makohozi watu ambao tatizo lao lilikuwa ndani ya pakiti ya dawa. Losatani hufanya kazi kama ndugu zake hao bila kikohozi mara nyingi. Wote hao wanne hawafai kwa mwanamke mjamzito, wanaweza kumdhuru mtoto. Mjamzito ana dawa zake, kama metildopa, na anahitaji macho ya karibu, kwa sababu tansio baada ya wiki ya 20 inaweza kugeuka kuwa kifafa cha mimba.

Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa CREOLE, uliofanywa kwa wagonjwa weusi 728 katika nchi sita za Afrika kusini mwa Sahara, zikiwemo Uganda na Kenya. Walilinganisha dawa mbilimbili. Michanganyiko yenye amlodipini, iwe na dawa ya mkojo au na perindoprili (ndugu wa enalaprili), ilishusha tansio kuliko mchanganyiko usio na amlodipini. Ndiyo maana daktari akikuandikia aina mbili tangu mwanzo, asidhaniwe anauza dawa. Dozi ndogo za dawa mbili mara nyingi hushusha vizuri na kusumbua kidogo kuliko dozi kubwa ya moja.

Kuna mwizi mmoja ambaye hatajwi. Goti linauma, milima hii haihurumii magoti, mtu anapita kwenye duka la dawa, ananunua diklofenaki au ibuprofeni, anameza wiki tatu. Dawa hizo huzuia chumvi mwilini, hupandisha tansio, na zikikutana na enalaprili na dawa ya mkojo zinaweza kuziangusha figo. Tansio ikikataa kushuka, kabla sijaongeza dozi huwa nasema: mwaga mkoba wako hapa mezani.

Majani, kitunguu saumu, siki: kula kama chakula, sina ugomvi. Ugomvi unaanza vikichukua nafasi ya kidonge. Na aliyeombewa kanisani aendelee kumshukuru Mungu, akimeza.

Kuhusu mawazo, neno ambalo kila mgonjwa wa hapa hulitaja kwanza, sitalidharau. Katika mji uliopitia tuliyopitia, nani analala vizuri? Mawazo hupandisha tansio ya saa ile, huharibu usingizi, humfanya mtu anywe na asahau dawa. Lakini nikisema ni mawazo tu, mtu atangoja amani ndipo ameze. Februari 2025, vita vilipofika mjini, maduka mengi yalifunga milango kwa siku kadhaa. Waliokuwa na vidonge vya wiki mbili vya akiba ndani ya bati la maziwa walipita. Wenye kumeza propranololi, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, walipata shida zaidi kama waliishiwa ghafla, kwani dawa za jamii hiyo zikikatwa kwa mara moja moyo hurukaruka. Tangu hapo kila ninayempa dawa namwomba anunue mwezi na wiki mbili, hata kwa kulipa kidogo kidogo.

Mtu akiwa na 18/12 au zaidi na mdomo umepinda, mkono hauinuki, maneno yanagongana, kifua kinabana, pumzi hazitoshi au macho yamefifia, apelekwe hospitali sasa hivi, bila kungoja kuche. Akiwa na nambari hiyo bila dalili yoyote, akae, apimwe tena, aonwe na daktari siku hiyo au kesho yake. Usimvunjie kapsuli ya nifedipini chini ya ulimi kama wazee wa kazi hii walivyokuwa wakifanya. Tansio iliyoporomoshwa kwa dakika chache inaweza kuunyima ubongo damu, ukamletea kiharusi ulichokuwa unamkinga.

Yule mama wa mashine ya Kamembe alirudi juzi. Nilikuwa nimemwomba aandike nambari asubuhi na jioni, akaziandika nyuma ya kalenda ya parokia, kwa milimita na kwa sentimita, pande mbili, kama mhasibu. 136, 13.6. 141, 14.1. 133, 13.3. Jumamosi moja tu ilikuwa na 172, na mbele yake neno moja kwa herufi kubwa: MAKAYABU. Chini yake, kwa herufi ndogo: arusi ya mtoto wa dada, sijutii.